Moshi wa West Nile: Karne Moja ya Shamba, Mti na Amri

Pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda imejichomeka kati ya Kongo na Sudan Kusini. Hiyo ndiyo West Nile, na mji wake mkuu ni Arua. Ukishika barabara ya kaskazini kupitia Maracha unafika Koboko, nchi ya Wakakwa, na karibu na hapo ni Salia Musala, mahali mipaka ya nchi tatu inapokutana. Katika masoko ya huku Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili vinasikika kwenye meza moja, na mizigo inavuka mpaka huku na huku: mihogo, ufuta, samaki wakavu wa Nile, maharage, mkaa.

Kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, anga la huku hutanda moshi. Si moshi wa viwanda, maana viwanda ni vichache. Ni wa nyasi zinazochomwa kusafisha mashamba na kuwinda panya na paa, wa matanuri ya mkaa, wa mabani ya kukaushia tumbaku na wa mafiga matatu yaliyo karibu kila ua. Serikali ya Uganda, katika hesabu zake za gesijoto, inasema zaidi ya asilimia 80 ya gesi zote za nchi zinatokana na kilimo, misitu na matumizi ya ardhi. Ulaya gesi za kilimo ni habari ya ng'ombe wa maziwa kwa maelfu, matrekta na mbolea za kiwandani. Mkulima wa Maracha, au wa Lobule huko Koboko, analima kwa jembe, na mbolea ya dukani huiona kwa nadra. Mchango wake mkubwa ni hewa ukaa inayotoka mti unapokatwa, unapochomwa au unapozikwa kwenye tanuri, na nyuma yake methani ya mifugo na ya moto wa nyasi.

Kwa hiyo historia ya kupunguza gesijoto za kilimo hapa ni historia ya nani alimwamuru mkulima kuhusu mti wake, na nani alimlipa. Wawili hao mara nyingi hawakuwa mtu mmoja, na ndiyo maana amri nyingi hazikufua dafu.

Kutoka Lado hadi Arua

Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo la magharibi mwa Nile lililoitwa Lado. Alilitaka kwa ajili ya kufika mtoni, na maofisa wake walilitumia zaidi kwa pembe za ndovu. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata Lado ikarudishwa chini ya utawala wa Sudan. Katika kipindi hicho hicho majangili wa kila taifa walimiminika kuua tembo. Hata Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani, alipiga kambi huku Januari 1910 kuwinda vifaru weupe. Jina la Rhino Camp limebaki kwenye ramani, vifaru wameisha.

Mwaka 1914 sehemu ya kusini ya Lado ilihamishiwa Uganda. A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, akaweka makao yake Arua, kwenye nyanda za juu za Walugbara. Aliwakuta watu wanaolima wimbi na mtama kwa mpangilio waliouelewa vizuri. Shamba lililochoka liliachwa likarudi kuwa kichaka kwa miaka, na miti yenye faida, kama ule wa shea, iliachwa imesimama katikati ya mazao kwa ajili ya mafuta na kivuli. Kaboni iliyotoka kwa moto wa kufungua shamba ilirudi polepole ardhini kupitia kichaka kilichoota upya. Kilichofanya mpangilio huo udumu ni nafasi ya kutosha, na nafasi ndiyo iliyoanza kupungua.

Amri za kwanza kuhusu mimea hazikuhusu hali ya hewa, zilihusu mbung'o. Malale yaliua watu kando ya Nile na vijito vyake, na serikali ya kikoloni ikahamisha wakazi wa maeneo ya mtoni na kuwalazimisha watu kufyeka vichaka mahali pa kuchota maji. Baadaye ikatengwa misitu ya hifadhi, kama ile ya Mlima Wati upande wa Terego na Mlima Kei upande wa Yumbe, jirani na Koboko. Mkulima akapata mafundisho mawili kutoka ofisi moja: huku fyeka kwa sababu ofisa amesema, kule usiguse kwa sababu ofisa amesema. Katika yote mawili hakuulizwa.

Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha hazikuwapo. Pamba ilijaribiwa, lakini West Nile ilikuwa mbali mno na reli na bei iliishia njiani. Wanaume wakaondoka kwa maelfu kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, na kwa miongo kadhaa zao kuu la West Nile lilikuwa vibarua wake. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Walugbara mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, aliwakuta katikati ya nchi yao wamebanana sana, mashamba yakipumzishwa muda mfupi kuliko ulivyotakiwa.

Huo ulikuwa wakati ambapo makoloni yote ya Afrika Mashariki yalishikwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo. Maofisa wa kilimo walitunga sheria ndogo za matuta na za mahali pa kulima. Tanganyika tunakumbuka ziliishia wapi: mwaka 1955 Waluguru waliandamana kukataa matuta ya lazima, damu ikamwagika na mradi ukafa. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya wote, ila ulikuja na faini mkononi. Hofu ile ya udongo ndiyo bibi wa sera za leo za tabianchi.

Mabani

Fedha zilipopatikana hatimaye nyumbani, zilikuja na tumbaku. Kampuni ya sigara ya BAT ilikuwa Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1950 na 1960 zao hilo lilikuwa limeshika mizizi West Nile. Lilifaa kwa kila hali. Jani kavu ni jepesi na bei yake inastahimili safari ndefu, na kampuni ilileta mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo uliokatwa siku ya mauzo. Kijana ambaye baba yake alikwenda Kakira sasa aliweza kulipa ada ya shule bila kuvuka Nile.

Tatizo lilikuwa ndani ya bani. Bani ni nyumba iliyopanda juu, ya udongo au matofali, yenye boriti za mlalo ndani. Majani yanafungwa kwenye fito, na fito zinapandishwa safu juu ya safu mpaka darini. Kwa tumbaku ya moshi, moto unawekwa chini ya majani yenyewe. Kwa tumbaku ya mvuke, tanuri liko nje na joto linapita ndani kwa mabomba ya bati. Kwanza jani lazima ligeuke njano, kisha ubapa ukauke, mwisho ukauke mshipa wa katikati, na kila hatua inataka joto lake. Kazi hiyo inaweza kuchukua karibu juma zima, usiku na mchana. Moto ukizimika usiku wa manane rangi inaharibika, na rangi ndiyo inayomwambia mpanga madaraja bei ya kuandika. Basi mtu analala kando ya tanuri, kuni zimerundikwa hadi kifuani.

Kwa kila kilo ya jani zinateketea kilo kadhaa za kuni. Mwaka 1999 mtafiti Mjerumani Helmut Geist alikadiria kwamba tumbaku duniani inafyeka takriban hekta 200,000 za misitu na vichaka kila mwaka, na wakulima wa Urambo na Tabora, ambao wameona miombo ikirudi nyuma mwaka hadi mwaka, hawatashangaa. West Nile miti iliyokwenda kwanza ni ile migumu inayoshika moto muda mrefu, ambayo ndiyo inayochukua miaka mingi zaidi kukua.

Kampuni iliona mapema kwamba kuni zikiisha na tumbaku inakwisha. Ikawataka wakulima wake wapande mikaratusi, na mashamba ya miti hiyo yaliyotapakaa kandokando ya barabara za West Nile kwa sehemu ni urithi wa sharti hilo. Mkaratusi unakua haraka na ukikatwa unachipua. Ila unanyonya maji sana ukipandwa bondeni, na si mti wa kuchanganya na mihogo. Mkulima mwenye ardhi ndogo alipanda mistari michache ya kuonyesha, kisha akaendelea kununua au kukata kuni za porini. Hata hivyo jambo moja la maana lilitokea: kwa mara ya kwanza West Nile mti uliopandwa ulikuwa na mnunuzi anayejulikana.

Miaka ambayo shamba lilikimbiwa

Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ulitoka Koboko, alipinduliwa Aprili 1979. Majeshi ya Tanzania yaliingia Arua mwanzoni mwa Juni na kufika mpaka wa Sudan, na hapo Vita vya Kagera vikaisha. Balaa kubwa zaidi kwa raia wa West Nile lilikuja baadaye. Oktoba 1980 waliokuwa wanajeshi wa Amin walishambulia kutoka ng'ambo, na jeshi jipya la Uganda, UNLA, likalipiza kisasi kwa wananchi. Arua na Koboko ziliporwa na kuchomwa. Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa hapo hapo. Sehemu kubwa ya wakazi wakavuka kwenda Zaire na Sudan, wengi wao upande wa Yei.

Tumbaku ilianguka karibu yote. Mabani yalibomoka, mashamba yakageuka pori, na kichaka kikarudi mahali ambapo hakuna amri iliyowahi kukirudisha. Ukipima hewa ukaa peke yake, miaka ile ilikuwa mizuri. Hapo ndipo penye onyo kwa yeyote anayepima sera ya tabianchi kwa gesi tu: takwimu inaweza kung'aa huku watu wamelala chini ya miti ya nchi ya wengine. Waliporudi katikati ya miaka ya 1980 na baada yake, walifungua mashamba upya kwa panga na moto, kwa kuwa hawakuwa na kingine, na miti iliyoota wakiwa ukimbizini ilijenga nyumba zao. Tumbaku nayo ikarudi.

Mikataba ya mbali

Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro na kutia saini Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi. Uganda iliuridhia mwaka 1993. Arua haikusikia lolote. Dalili ya kwanza ya fedha za kaboni West Nile haikufika shambani, ilifika mjini. Kampuni ya umeme ya WENRECo, iliyopewa leseni mwaka 2003, iliwasha jenereta Arua na kujenga bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5. Mradi huo uliandikishwa chini ya utaratibu wa Itifaki ya Kyoto wa kuuza upungufu wa gesi, ukiwa miongoni mwa ya mwanzo Uganda. Hoja yake ilikuwa kwamba umeme wa pamoja unachafua hewa kidogo kuliko jenereta ndogo za kila duka. Ilikuwa hoja sahihi, lakini mpishi wa kijijini, ambaye anachoma kuni kila siku, hakuwemo ndani ya hesabu.

Mwaka huo huo wa 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Misitu na Upandaji Miti. Idara ya Misitu ilivunjwa. Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, ikapewa hifadhi kuu, na miti yote ya mashamba na ardhi za mila ikaachwa chini ya ofisi za misitu za wilaya. Hapa ndipo kosa kubwa lilipofanyika. Ardhi karibu yote ya Arua na Koboko ni ya mila, ya koo na familia, kama Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinavyoitambua. Ofisi iliyokabidhiwa miti mingi ikawa ndiyo yenye bajeti ndogo. Mara nyingi ofisa misitu wa wilaya alikuwa mmoja na msaidizi wake, pikipiki moja, na mafuta ya kuomba. Wakati huo huo misitu ya Uganda ilikuwa ikiyeyuka: mwaka 1990 ilifunika kama asilimia 24 ya nchi, mwaka 2015 kama asilimia 9.

Mwaka 2015 sera zilikuja kwa kishindo. Baraza la Mawaziri lilipitisha Sera ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi, na wizara za kilimo na mazingira zikazindua mpango wa miaka kumi wa kilimo kinachohimili tabianchi. Kabla ya mkutano wa tabianchi wa Paris, Uganda ikaahidi kwamba ifikapo 2030 gesijoto zake zitakuwa pungufu kwa asilimia 22 ya zile ambazo zingetoka kama hakuna kinachofanyika. Ahadi hiyo ilieleza pia, kwa haki, kwamba Mganda mmoja anatoa kama tani 1.39 kwa mwaka, wakati wastani wa dunia ulikuwa karibu tani 8. Ukiisoma kwa makini, asilimia 22 ilitegemea nishati, misitu na ardhi oevu. Kilimo chenyewe kiliwekwa pembeni, kama nyongeza, ingawa ndicho kinachofungua misitu na kukausha mabonde.

Sheria ya Kitaifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ilifuata mwaka 2021. Ina meno kuliko sera: inazipa idara za maliasili za wilaya wajibu wa tabianchi, na inampa mwananchi haki ya kwenda Mahakama Kuu dhidi ya mtu au serikali inayohujumu juhudi hizo. Mwaka 2022 ahadi ya Paris ilifanyiwa marekebisho, lengo likapanda hadi asilimia 24.7, na safari hii kilimo na ardhi vikaingizwa ndani ya hesabu. Kwenye karatasi, mkulima wa Koboko alikuwa amefika mezani.

Yei inakuja Koboko

Julai 2016 mapigano yalizuka upya Juba na kusambaa hadi Yei. Watu waliowahi kuwapokea wakimbizi wa West Nile miaka ya 1980 sasa wakavuka kwa miguu kuingia Koboko, Yumbe na Arua. Wazee wengi waliwapokea wakilijua deni hilo. Makazi ya Bidi Bidi yalifunguliwa Agosti kwenye kichaka cha Yumbe, na kufikia mwisho wa mwaka, yalipofungiwa wageni wapya, yalikuwa na watu zaidi ya 250,000 katika eneo la kama kilomita za mraba 250. Rhino Camp ilipanuka, na Imvepi ikafunguliwa tena mwaka 2017. Koboko tayari ilikuwa na makazi ya Lobule kwa wakimbizi kutoka Kongo.

Uganda haiwafungii wakimbizi kambini, inawapa kiwanja walime. Sera hiyo inasifiwa duniani kwa haki. Lakini kiwanja cha mita 30 kwa 30 hakitoi kuni, na chakula cha msaada kinapofika kibichi lazima kipikwe. Maharage makavu kwenye mafiga matatu yanachukua saa kadhaa, na sehemu kubwa ya joto inapotea pembeni mwa sufuria. Ndani ya miaka michache vichaka vya karibu vilikuwa vimekwisha, na wanawake walitembea kutwa kutafuta mzigo mmoja. Walikutana na wenyeji wenye ardhi, wakafukuzwa, na wakati mwingine wakapigwa.

Yaliyofanyika baadaye ni sehemu ya kutia moyo ya historia hii. Miti mikubwa ilipakwa rangi ili isikatwe. Majiko ya udongo yanayobana kuni yakafundishwa nyumba kwa nyumba. Fedha za Benki ya Dunia zilizolenga wilaya zinazopokea wakimbizi zikapanda miti. Kituo cha kilimo mseto cha ICRAF chenye makao Nairobi kilifanya kazi na wakimbizi na wenyeji wa Rhino Camp na Imvepi, kikisisitiza jambo ambalo Dodoma wanaliita kisiki hai. Badala ya kungoja mche wa kitalu, ambao kiangazi kinauua na mbuzi anaumalizia, mkulima anachagua chipukizi moja au mawili kwenye kisiki ambacho mizizi yake bado inaishi, anapogoa mengine, na analilinda. Mizizi iko tayari chini, kwa hiyo mti unapanda haraka. Gharama yake ni panga na uangalizi. Kinachohitajika zaidi ni uhakika kwamba mti ukikua utakuwa wa huyo aliyeulinda.

Na uhakika huo ndio adimu. Mkimbizi hapandi mti wa miaka kumi kwenye ardhi anayoweza kuhamishwa. Mwenyeji naye haoni sababu ya kulinda kisiki ambacho jirani, au lori la usiku, litakipitia kabla yake.

Malori ya mkaa

Mkaa wa West Nile una wateja mbali, Kampala kwanza. Katika tanuri la kienyeji magogo yanapangwa, yanafunikwa nyasi, kisha udongo, na matundu machache yanaachwa ili moto utambae pole pole. Mchomaji anakaa hapo siku nyingi akisoma rangi ya moshi: mweupe mzito ni maji yanatoka, wa bluu mwembamba ni ishara ya kuziba matundu. Akichelewa anapata majivu. Hata akiwa fundi, tanuri hilo linarudisha kilo moja ya mkaa kwa kilo sita hadi kumi za mti, na wakati wa kuungua linatoa methani, gesi inayopasha joto kuliko hewa ukaa. Mti wa shea, uliokuwa ukiachwa shambani tangu mababu kwa ajili ya mafuta yake, ukaanza kukatwa kwa sababu mkaa wake ni mzito.

Tarehe 19 Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa Amri ya Utendaji Namba 3, iliyopiga marufuku mkaa wa kibiashara kaskazini mwa Uganda, West Nile ikiwemo. Malori yalikamatwa, magunia yakamwagwa barabarani. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki: waliokuwa wakitajirika si wachomaji bali wenye malori. Lakini marufuku haikuja na kazi nyingine kwa yule anayechoma magunia mawili kulipa ada, wala na gesi ya kupikia kwa mama ntilie wa Kampala. Mwenye njaa hana miiko. Bei ilipopanda biashara ikahamia usiku, na penye kizuizi cha barabarani pakazaliwa bei ya kupita kizuizini.

Weka amri hiyo kando ya zao lililotangulia, tumbaku. Katika muongo wa 2010 BAT iliacha kununua jani kwa wakulima wa Uganda, na mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku. Kampuni nyingine zilichukua baadhi ya wakulima na zao halikwisha, lakini mabani mengi yalizimika, na waliokuwa wakiyalisha wakageukia mihogo, ufuta na maharage. Hakuna kifungu cha sera ya tabianchi kilichozima moto ule. Aliyeuzima ni mnunuzi aliyeondoka. Tangu enzi za Weatherhead hadi leo, mti wa West Nile umekatwa au umesimama kufuatana na soko lake, na amri zimefuata nyuma.

Hukumu ya karne

Wakati wa sasa ni mzuri kuliko ulivyowahi kuwa. Laini ya umeme ya kilovolti 132 imeifikisha gridi ya taifa Arua, baada ya mji kutegemea jenereta na Nyagak kwa miaka 20. Abi, kituo kilichoko Arua cha NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, kipo karibu na mkulima kuliko wizara yoyote. Chuo Kikuu cha Muni kipo tangu 2013. Sheria ya 2021 inazitaja wilaya na kazi yake. Kinachokosekana ni kuunganisha amri na malipo.

Jambo la kwanza liko mikononi mwa halmashauri za Arua na Koboko zenyewe. Ziandikishe miti ya wakulima kwenye ardhi ya mila, zimpe mtu hati ya mti alioupanda au kuulinda, awe mwenyeji au mkimbizi aliyekubaliana na mwenye ardhi, na lori lisiloweza kuonyesha hati lisipite. Hapo kizuizi cha barabarani kitamlinda mwenye mti, si mwenye mfuko mnene. La pili ni la Kampala: kila fedha ya kaboni inayoombwa kwa jina la misitu ya Uganda ishuke hadi kwa aliyelinda kisiki, kwa kiasi kinachotangazwa hadharani kwenye parokia yake ya kiutawala. La tatu ni la jikoni. Mji ukipata jiko la umeme kwa bei ya kuwezekana, gunia la mkaa litakosa soko bila askari kusimama kwenye kona yoyote.

Wakulima wa Arua na Koboko hawakuichafua hewa ya dunia, na haki inataka wasibebeshwe mzigo wa wengine. Lakini kisiki hai, jiko zuri na moto wa nyasi uliopangwa vinawafaa wao kwanza: udongo unashika maji, kuni ziko karibu, na mti wa shea unaendelea kuzaa. Diwani atakayesoma haya aanze na kifungu kimoja tu cha sheria ndogo: mti ni wa aliyeutunza. Miaka mia moja ya amri haijawahi kusema hivyo.